Swali, Jibu na Mashine: Nafasi ya Kiswahili katika Zana za Kielektroniki za Kusaidia Uamuzi Zahanatini

1. Utangulizi

Kwa muda mrefu wanaisimu wa Kiswahili wamelitazama suala la lugha na tiba kwa upande mmoja tu, yaani upande wa istilahi. Tumejiuliza jina la ugonjwa huu au kiungo kile liwe nani, tumetunga orodha, tumezijadili na kuzichapisha. Kazi hiyo ina thamani yake na haifai kubezwa. Lakini kuna upande wa pili ambao haujashughulikiwa vya kutosha, nao ni upande wa swali: namna mganga wa zahanati anavyomwuliza mama juu ya ugonjwa wa mtoto wake, na namna jibu la mama linavyogeuzwa kuwa uamuzi wa tiba.

Upande huu umepata uzito mpya kwa sababu ya kuenea kwa zana za kielektroniki za kumsaidia mhudumu wa afya kuamua. Makala haya yanakusudia kueleza zana hizo ni nini na zimeleta manufaa gani, kisha kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya ubora wake hutegemea maneno ya kawaida ya Kiswahili ambayo maana zake hubadilika toka mahali hadi mahali. Hoja yetu kuu ni kwamba swali linaloingizwa katika mashine ni sehemu ya tiba, na kwa hiyo linastahili kupimwa kabla ya kutumiwa kama dawa inavyopimwa. Kazi ya kulipima ni ya wataalamu wa lugha pamoja na waganga.

2. Zana hizi na asili yake

Wazo la kuitumia kompyuta kumsaidia mganga si geni. Huko Leeds, Uingereza, F. T. de Dombal na wenzake walichapisha mwaka 1972 matokeo ya jaribio lililohusu wagonjwa 304 waliofika hospitalini na maumivu makali ya tumbo. Kompyuta iliutambua ugonjwa kwa usahihi wa asilimia 91.8, hali daktari mkuu zaidi katika kila kundi la matabibu alifikia asilimia 79.6. Jambo linalotuhusu sisi ni kwamba kazi hiyo haikuwezekana mpaka madaktari walipokubaliana kwanza maana ya maneno yao wenyewe: maumivu ya namna gani yaitwe makali, na mgonjwa aonekaneje ndipo isemwe kwamba tumbo limekaza. Mfumo uo huo ulipojaribiwa baadaye Copenhagen, Denmark, haukufanya vizuri kama ulivyofanya kwao. Wagonjwa walikuwa wengine, na desturi ya kuuliza na kuandika ilikuwa nyingine.

Katika nchi zetu zana hizi zimechukua sura iliyo rahisi zaidi, na shabaha yake ni huduma ya kwanza, yaani zahanati na kituo cha afya. Msingi wake ni mwongozo wa pamoja wa kutibu magonjwa ya watoto ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF katika miaka ya 1990. Mwongozo huo ni mfuatano wa hatua: uliza, tazama, pima, kisha uainishe. Rangi ya waridi humaanisha hatari na rufaa ya haraka, njano humaanisha tiba ya zahanatini, na kijani humaanisha uangalizi wa nyumbani. Mtoto mwenye kikohozi huhesabiwa pumzi zake kwa dakika nzima. Akiwa na umri wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza miezi 12, pumzi 50 au zaidi ni za haraka. Kuanzia miezi 12 hadi miaka 5, mpaka ni pumzi 40.

Mwongozo wa karatasi ni mzuri, ila una vijitabu na chati nyingi, na mhudumu mwenye foleni ndefu mlangoni aghalabu huruka hatua. Ndipo likazuka wazo la kuuhamishia katika simu au tableti. Skrini huonyesha swali moja kwa wakati, na jibu huamua swali lifuatalo. Mhudumu hawezi kuiruka hatua asiyoikumbuka, maana mashine humkumbusha. Zana ya namna hii ilijaribiwa katika mkoa wa Mtwara, Tanzania, na taarifa yake ikatolewa mwaka 2008.

3. Manufaa yaliyokwisha kuonekana

Tanzania ndiyo iliyotupatia ushahidi ulio wazi zaidi katika eneo letu. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya zana iitwayo ALMANACH. Watoto 842 walitibiwa kwa kuifuata, na wengine 623 walitibiwa kwa njia ya kawaida. Siku ya saba, asilimia 97 ya watoto wa kundi la kwanza walikuwa wamepona, na asilimia 92 ya kundi la pili. Katika kundi la kwanza ni asilimia 15 tu ya watoto waliopewa antibiotiki, ilhali katika kundi la pili walipewa asilimia 84.

Baadaye ilifuata zana nyingine, ePOCT, iliyoongezewa vipimo vichache vya damu pamoja na kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni. Ilijaribiwa Dar es Salaam kwa watoto 3,192 wenye joto la mwili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017: watoto ambao tiba ilishindikana walipungua kutoka asilimia 4.1 hadi 2.3 ikilinganishwa na ALMANACH, na matumizi ya antibiotiki yakashuka kutoka asilimia 29.7 hadi 11.5. Mwaka 2024 yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa zaidi katika vituo 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro. Penye zana, antibiotiki zilitolewa katika asilimia 23.2 ya ziara; pasipo zana, katika asilimia 70.1. Kupona hakukupungua. Msomaji asiye mganga na akumbuke kwamba dawa hizi zikitumiwa ovyo vijidudu huzizoea, na siku zinapohitajiwa kwa kweli huwa hazina nguvu tena.

Nchini Kenya hali inakwenda upande uo huo. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua ugawaji wa vifaa vya kazi, pamoja na simu zenye mfumo wa kielektroniki wa taarifa za afya, kwa wahudumu wa afya wa jamii zaidi ya 100,000. Mwaka 2025 zilitolewa habari za jaribio la kliniki 15 za Penda Health jijini Nairobi, lililohusu ziara 39,849. Hapo mashine haikuuliza maswali bali ilisoma kumbukumbu zilizoandikwa na mganga na kumtahadharisha pale ilipoona kosa. Katika ziara zilizokaguliwa na madaktari, makosa ya kutambua ugonjwa yalikuwa machache kwa asilimia 16, na makosa ya tiba kwa asilimia 13.

Kwa hiyo hapana shaka kwamba zana hizi zina faida, wala makala haya hayakuandikwa ili kuzipinga. Tunalouliza ni hili: neno la mama linapitia wapi mpaka kuifikia mashine?

4. Mahali ambapo lugha ndiyo kipimo

Mwongozo tulioutaja hutaja dalili kuu za hatari ambazo kila mtoto mgonjwa hana budi kuchunguzwa: kutoweza kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, kupatwa na mtukutiko wa mwili katika ugonjwa huu, na kulegea sana au kupoteza fahamu. Ukizichunguza utaona kwamba ya mwisho hutazamwa kwa macho, lakini tatu za kwanza hujulikana hasa kwa kuuliza. Hapa hakuna kipimajoto wala tone la damu. Kipimo ni sentensi ya Kiswahili, au ya lugha nyingine ya nyumbani, na usahihi wake ndio usahihi wa tiba. Tutazame mifano minne.

4.1 Homa

Mwongozo huhesabu kwamba mtoto ana joto la ugonjwa ikiwa mwili wake ni wa moto, ikiwa kipimajoto kimefikia digrii 37.5 au zaidi, au ikiwa mama ameeleza kwamba alikuwa na joto. Maelezo ya mama yanatosha. Basi mtunzi wa programu huandika: "Je, mtoto ana homa?"

Katika Kiswahili cha Tanzania swali hili halina utata mkubwa, kwani homa ni joto la mwili na mafua ni mafua. Lakini kwa wasemaji wengi wa Kenya, hasa wa bara na mijini, mtu asemaye "nina homa" humaanisha kwamba pua yake inatoka kamasi na anapiga chafya. Joto la mwili wao huliita joto, au husema mwili unachemka. Isitoshe, neno lilo hilo ni kichwa cha majina ya magonjwa kadhaa: homa ya mapafu, homa ya matumbo, homa ya manjano, homa ya uti wa mgongo. Mwanafunzi wa Kenya amejifunza majina haya shuleni, na homa kwake inakaribia kuwa "ugonjwa" kwa jumla.

Tuseme sasa kwamba programu iliyotungwa Dar es Salaam imevushwa mpaka na kuletwa Kakamega bila kubadilishwa. Mama mwenye mtoto wa mafua tu atajibu "ndiyo", na mashine itamwingiza mtoto katika njia ya joto, vipimo na pengine dawa zisizohitajiwa. Mama mwingine, ambaye mwanawe alichemka usiku kucha, akapewa panadoli alfajiri na sasa amepoa, atajibu kwa ukweli kabisa: "La, hana homa, ila alikuwa na joto." Mhudumu mwenye haraka akibonyeza jibu la "hapana", joto la usiku limefutika, na pamoja nalo kipimo cha malaria. Kila aliyehusika amesema kweli, na bado uamuzi umepotoka.

4.2 Degedege

Kamusi hutupatia "degedege" kwa mtukutiko wa mtoto, na mfasiri huridhika. Lakini utafiti uliofanywa wilayani Bagamoyo na Peter Winch na wenzake, na kuchapishwa mwaka 1996, ulionyesha kwamba kwa wenyeji degedege halikuwa dalili ya homa ya malaria. Lilikuwa ugonjwa mbali, lenye asili yake na tiba yake, na mtoto mwenye degedege alipelekwa kwanza kwa mganga wa jadi. Jina lenyewe huhusishwa na dege, ndege mkubwa wa kutisha. Neno la namna hii hubeba imani nzima mgongoni. Mama anayeulizwa "amepata degedege?" hulisikia kama ugonjwa uliokwisha kupewa jina, wenye mahali pake pa kutibiwa, na mahali hapo si zahanati.

Tukiingia bara tutakuta wasemaji wasiolijua neno hili, au wanaolitumia "kifafa" badala yake. Kifafa nacho ni ugonjwa mwingine, tena wenye aibu, ambao mzazi huenda akaukana. Njia iliyo salama ni kuliacha jina na kuuliza juu ya tendo: je, tangu augue, mwili wake umewahi kukakamaa, au mikono na miguu kurukaruka, akawa hasikii ukimwita? Mafunzo ya mwongozo wa karatasi yalimshauri mhudumu atumie maneno ambayo mama anayaelewa. Ushauri huo ni mwema, lakini uliacha kazi yote ya lugha mikononi mwa mhudumu.

4.3 "Hawezi kunyonya"

Dalili ya kwanza ya hatari imewekwa kwa ukanushi, na hapa sarufi yetu ina mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza ni jibu. Mtu akiulizwa "Je, mtoto hawezi kunyonya?", Mswahili aliyekubaliana na maneno ya swali hujibu "ndiyo", yaani ni kweli, hawezi. Lakini aliyezoea mantiki ya Kiingereza cha shuleni hujibu "hapana, hawezi". Majibu haya mawili ni kinyume, maana yake ni moja, na mashine ina vitufe viwili tu. Dawa yake ni rahisi: swali liulizwe kwa uyakinishi, "Je, mtoto anaweza kunyonya au kunywa?", na programu yenyewe ndiyo igeuze jibu kuwa dalili.

La pili ni maana ya kitenzi. Katika Kiswahili cha pwani, kusema tu "mtoto hawezi" ni kusema kwamba anaumwa. Tena mama wengi hawasemi "hawezi kunyonya" bali "amekataa ziwa" au "amekataa kula". Kukataa katika Kiswahili si lazima kuwe kwa hiari. Twasema mlango umekataa kufunguka, na mguu umekataa kwenda. Je, mtoto aliyekataa ziwa hana hamu, au hana nguvu za kuvuta na kumeza? Wa kwanza huenda akatibiwa nyumbani. Wa pili yumo hatarini. Mwongozo una suluhisho zuri ambalo programu yafaa ilidai: pakiwa na shaka, mama ampe mtoto ziwa au maji safi pale pale, mhudumu atazame kama anameza.

4.4 Siku

Kuhara kwa siku 14 au zaidi huainishwa mbali na kuhara kwa siku chache. Mama huulizwa, "Tangu lini?" naye hujibu "tangu juzi". Juzi ni siku iliyotangulia jana, lakini ni pia wakati wowote uliopita karibuni, kama tusemavyo "juzi juzi hivi". Akisema "leo ni siku ya tatu", amehesabu pamoja na siku ya leo, na mwingine huenda asiihesabu. Usiku nao una utata wake, kwa kuwa katika hesabu ya jadi usiku huitangulia siku yake, na "usiku wa Ijumaa" kwa mmoja ni usiku wa Alhamisi kwa mwingine. Kwa ugonjwa wa siku mbili tofauti hizi si kitu. Kwa ugonjwa ulio mpakani mwa hesabu, mtoto huhama kundi.

5. Mapingamizi mawili

Mtu aweza kusema kwamba mhudumu ni mwenyeji, anaijua lugha ya watu wake, na swali likiwa baya atalitengeneza mwenyewe. Ni kweli, na ndivyo ilivyokuwa siku zote. Lakini zana hizi zilibuniwa kwa sababu hatukutaka tena kuitegemea busara ya mtu mmoja mmoja. Tulitaka kila mtoto apate hatua zile zile. Ikiwa skrini imeandikwa Kiingereza na mhudumu anafasiri papo hapo, basi kila chumba kina tafsiri yake, na usawa tuliokusudia haupo. Ikiwa skrini imeandikwa Kiswahili kisichofaa, kosa moja linakaririwa katika kila zahanati. Kosa la mtu hutofautiana siku kwa siku na huweza kuonekana. Kosa la mashine hufanana daima, na kwa kuwa linafanana hudhaniwa kuwa sahihi. Hata zana inayosoma kumbukumbu, kama ile ya Nairobi, husoma alichoandika mganga. Ikiwa "homa" ya mama imekwisha kuandikwa kama joto la mwili, mashine haina njia ya kulijua neno la mwanzo.

Pingamizi la pili ni kwamba vipimo vitachukua mahali pa maswali. Kwa sehemu ni kweli: kipimajoto, kipimo cha malaria na kifaa cha oksijeni vimepunguza utegemezi wa maneno. Lakini hakuna kifaa kiwezacho kupima jambo lililopita. Mtukutiko wa jana usiku uko katika kumbukumbu ya mama peke yake, na hauwezi kufika zahanatini ila kwa maneno.

6. Kazi iliyo mbele ya idara za lugha

Tunapendekeza mambo matano. Kwanza, kizio cha tafsiri kiwe swali zima pamoja na majibu yake, wala si neno. Orodha za istilahi huwafaa waganga wakizungumza wao kwa wao. Mama hana haja nazo.

Pili, kila swali lijaribiwe kwa wasikilizaji wa mahali litakapotumiwa. Mama aelezwe swali, kisha aombwe alirudie kwa maneno yake na atoe mfano wa mtoto ambaye jibu lake lingekuwa "ndiyo". Akitoa mfano wa mafua pale tulipokusudia joto, tumeligundua kosa kabla halijamdhuru mtu.

Tatu, tofauti za kimaeneo zikubaliwe waziwazi. Usanifishaji umetusaidia sana katika vitabu, lakini zahanati si darasa. Ikiwa Mombasa na Eldoret zinahitaji swali tofauti ili kupata habari moja, basi na ziwe na maswali mawili. Mashine haishindwi kuhifadhi yote mawili.

Nne, kazi iyo hiyo ifanywe kwa Kidholuo, Kikamba, Kisomali na lugha nyinginezo za nyumbani. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, lakini bibi aliyemleta mjukuu zahanatini hakulazimika kukijua. Idara za lugha za Kiafrika ndizo zenye wanafunzi walioyamudu maneno ya nyumbani kwao, na hapa pana mada za tasnifu ambazo matokeo yake yangetumika mara moja.

Tano, programu iache nafasi ya kuandika neno lenyewe alilolitumia mama, kando ya jibu la "ndiyo" au "hapana". Baada ya mwaka mmoja tungekuwa na hazina ya msamiati wa ugonjwa kama unavyosemwa, na waganga wangeweza kurudi kuchunguza ni wapi maneno na vipimo viliachana.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba zana za kielektroniki zimeboresha huduma ya watoto katika Afrika Mashariki, hasa kwa kupunguza dawa zisizohitajiwa, na kwamba msingi wa zana hizo ni maswali ambayo maana yake haijathibitishwa kwa kuwa yameandikwa kwa Kiswahili sanifu. Dalili tatu kati ya zile kuu za hatari huujia uamuzi kwa njia ya mazungumzo. Kabla ya programu yoyote kusambazwa katika wilaya au kaunti, wenye kuisambaza wangepaswa kuonyesha, pamoja na matokeo ya dawa, namna maswali yake yalivyojaribiwa na kwa wasemaji gani. Nasi wa idara za lugha tusingoje kuitwa. Programu hizi zinatungwa sasa, na swali likishaingia katika simu za maelfu ya wahudumu, kulitoa ni kazi ngumu kuliko kulitunga vizuri tangu mwanzo.